Titi la kushoto limekuwa gumu miaka 11 baada ya kuweka silikoni, naombeni ushauri

Habari zenu wapendwa. Naandika huku mkono wa kushoto nimeuegesha juu ya mto, maana nikiuacha uning'inie maumivu yanashuka mpaka kwenye kiwiko.

Miaka 11 iliyopita niliweka silikoni matiti yote mawili. Nilikuwa na miaka 32, nimeshanyonyesha watoto wawili, na sitasema najuta, nilizifurahia muda mrefu. Tangu mwaka jana upande wa kushoto umeanza kukaza. Sasa titi limepanda juu kuliko lenzake, la duara kama mpira, na siwezi tena kulala kifudifudi. Wiki tatu zilizopita likavimba, sidiria niliyoizoea haifungi. Sina homa, ngozi haijawa nyekundu, sijaanguka wala kugongwa.

Daktari aliyenipasua alishahama na faili langu halionekani. Daktari wangu wa kawaida sijamwambia kitu. Naogopa kuulizwa "nani alikutuma?" Nisubiri uvimbe ushuke wenyewe?

Kipepeo
Pole sana dada. Huko kukaza nakujua. Mwili hujenga utandu wa kovu kuzunguka silikoni kwa kila mtu, ila kwa baadhi yetu utandu huo hujikunja na kuibana. Madaktari huupanga kwa madaraja 4: la 1 titi ni laini, la 4 ni gumu, limepoteza umbo na linauma. Mimi nilifika la 4, nikatolewa silikoni pamoja na utandu, na usiku wa kwanza nyumbani nililalia ubavu nikalia kwa raha. Mtu asikuminye kwa nguvu eti kulilainisha, silikoni inaweza kupasuka.

Mama Picha
Mdogo wangu, nimefanya kazi chumba cha mamogramu miaka mingi. Ugumu ungeweza kungoja miadi ya kawaida, ila huo uvimbe usiusubirie. Titi moja kuvimba miaka mingi baada ya upasuaji, mara nyingi ni maji yamejikusanya. Huenda ni kovu, maambukizi, au silikoni imepasuka. Lakini ipo pia saratani adimu ya chembe za kinga, inaitwa BIA-ALCL. Si saratani ya titi, huota kwenye ule utandu, na imehusishwa zaidi na silikoni zenye ngozi ya kukwaruza. Sikutishi: ikikamatwa mapema, mara nyingi kutoa silikoni na utandu wote kunatosha.

Omba ultrasaundi. Maji yakionekana, yavutwe kwa sindano na yapelekwe maabara kupimwa CD30, alama inayosaidia kuitambua saratani hiyo. Litamke neno hilo wewe mwenyewe, maana kipimo hicho hakifanywi bila kuombwa.

Halafu, ulishawahi kupigwa picha tangu upasuaji? Silikoni iliyojazwa jeli ikipasuka, jeli inaweza kubaki ndani ya utandu na titi lisibadilike hata kidogo. Zile zilizojazwa maji ya chumvi ndizo zinazonywea ukaona. Ndiyo maana FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inashauri wenye jeli wapige ultrasaundi au MRI miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila miaka 2 au 3. Wengi hawakuambiwa hili, na linaniuma sana.

Zai
Tafuta kadi uliyopewa siku ya kuruhusiwa, ina stika ya aina na namba. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan waliondoa sokoni duniani kote silikoni zao za BIOCELL kwa sababu ya saratani hiyo.

Tulivu
Toa zote mbili kesho, acha kubembeleza.

Mama Picha
Tulivu, apimwe kwanza. Kama ni ile saratani, upasuaji unapangwa tofauti. Na dada, hakuna wa kukuuliza nani alikutuma. Unaumwa, unatibiwa.

Mwenye uzi
Asanteni, nimelia nikisoma. Sijawahi kupigwa picha hata mara moja. Kadi nimeipata kwenye bahasha ya vyeti vya watoto, stika imefifia ila namba inasomeka, na ni ya ngozi ya kukwaruza. Nimempigia daktari asubuhi. Aliuliza tu uvimbe umeanza lini, akanipa ultrasaundi keshokutwa. CD30 nimeiandika kwa kalamu nyuma ya kadi.