Naomba ushauri: kizunguzungu cha kugeuka kitandani baada ya zoezi la Epley

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada wa mawazo, hasa kutoka kwa matabibu wa masikio na wataalamu wa fiziotherapia, kuhusu mama yangu, ambaye kila alipojilaza au kuinua uso kutazama juu aliona chumba kizima kikizunguka kwa muda usiofika dakika moja, kisha hali ikatulia. Hasikii mlio masikioni, usikivu wake haujapungua, wala hana ganzi au shida ya kuongea.

Daktari alimfanyia kipimo cha Dix-Hallpike, yaani kumlaza haraka chali huku kichwa kimegeuzwa upande; kichwa kilipoelekezwa kulia, macho yake yalianza kuchezacheza yenyewe, ndipo tukaelezwa kwamba chembe za kalsiamu zimechomoka mahali pake na kuingia katika mfereji wa nyuma wa sikio la ndani. Baada ya zoezi la Epley, yaani kugeuzwa kichwa na mwili kwa hatua ili chembe hizo zirudi mahali pake, kizunguzungu cha kutazama juu kilikoma. Sasa, hata hivyo, akigeuka kitandani, iwe kulia au kushoto, kinamjia kikali zaidi ya kile cha kwanza, hadi anatapika. Vidonge alivyopewa vinapunguza kichefuchefu tu, tena vinamlegeza, nami nahofia sana asije akaanguka.

Je, inawezekana chembe hizo zimehamia katika mfereji mwingine wa sikio hilo la ndani, ule wa mlalo, na kama ndivyo, ni kipimo gani kinachothibitisha hilo? Pili, tuendelee na zoezi la Epley nyumbani, au tusimame kwanza mpaka apimwe upya?