Naomba ushauri: buluu ya akriliki inafifia kwenye lubugo

Mchoraji wa Jinja:
Wanajukwaa, habari zenu. Ninachora picha dhahania kwa akriliki, na siku hizi nimeacha kanvasi ya pamba nikachukua lubugo, ile nguo ya gome la mti wa mutuba, kwa kuwa napenda wekundu wake wa udongo uonekane katikati ya rangi. Tatizo ni kwamba buluu inayong'aa ikiwa mbichi hufifia ikikauka, na nikiisugua pamoja na rangi ya chungwa juu ya kitambaa, napata tope tupu. Je, nitangulize geso nyeupe, ile rangi ya msingi inayopakwa kabla ya kuchora?

Brashi Pana:
Ndugu, akriliki ikiwa mbichi, gundi inayobeba rangi huwa na weupe wa maziwa. Maji yakishakauka, weupe huo hutoweka na rangi hukoza, ndiyo maana unaiona imepoteza mng'ao. Kwa hiyo ichanganye iwe nyepesi kidogo kuliko unavyoitaka, ujaribu pembeni na kungoja ikauke. Ama tope, buluu na chungwa ni rangi zinazokabiliana, na zikichanganyika huzaa kahawia au kijivu. Acha buluu ikauke kabisa, kisha pitisha chungwa zito kwa brashi isiyo na maji mengi, ukiacha buluu ichungulie.

Mama Mutuba:
Niongeze jambo ambalo Brashi Pana hakuligusa: lubugo lenyewe lina asili ya chungwa, hivyo buluu yako inapambana na kitambaa hata kabla hujafungua kopo la pili. Usipake geso kote. Kazi ya mafundi wa Buganda wanaoponda gome kwa nyundo za mbao, ambayo UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, haistahili kufichwa chini ya weupe (hayo ni maoni yangu, na siyabadilishi). Paka nyeupe ya titani pale tu buluu itakapokaa, na kwingine tumia gundi ya akriliki isiyo na rangi ili nyuzi zisinywe kila kitu.

Mchoraji wa Jinja:
Asante sana, nnyabo. Je, naweza kuiwamba kwenye fremu kama kanvasi?

Mama Mutuba:
Bora uibandike kwanza juu ya kanvasi au ubao, kwa sababu ukiivuta kwa nguvu huweza kuchanika palipo pembamba.