Naomba ushauri: mdukuzi wa riwaya yangu haaminiki

Wakuu, naandika riwaya ya uhalifu na nimekwama. Mdukuzi wangu anaingia kwenye mfumo wa benki kwa dakika mbili, na nikisoma mwenyewe siamini. Wizi wa Benki Kuu ya Bangladesh, Februari 2016, haukwenda hivyo: wezi walijipenyeza mapema, wakasubiri, wakaivuruga hata printa iliyokuwa ikichapa kumbukumbu za miamala, wakapata dola milioni 81. Printa! Kitu kidogo kama hicho ndicho ninachokitafuta.

Sasa nataka aanze kwa barua pepe ya kumlaghai karani. Mliobobea kwenye usalama wa mitandao, huko kusubiri nikuandikeje msomaji asichoke? Na mpelelezi angeanzia wapi kumfuatilia?