Hoteli ya mjini kati imefuta historia ya wafanyakazi wake, hii haikubaliki

Wakuu, naandika nikiwa na hasira.

Kuna hoteli ya zamani huku Dar es Salaam mjini kati, upande wa bandarini. Jina naliacha, wanaoijua wataijua. Walifunga kwa ukarabati, sasa wamefungua, na pale mapokezi wameweka bango kubwa la historia ya hoteli. Linaanza na Wajerumani, linakwenda kwa Waingereza na karamu zao, halafu linarukia ukarabati wa juzi. Miaka yote ya Uhuru haimo, hata mstari mmoja!

Marehemu baba aliingia pale kijana mdogo akiosha vyombo, akapanda mpaka kuwa mhudumu mkuu wa mgahawa. Karibu na mlango wa jikoni kulikuwa na picha za wafanyakazi: wapishi na kofia zao, dobi, wahudumu wenye kanzu nyeupe na mishipi myekundu, kila picha na jina chini yake kwa mwandiko wa karani. Zimeng'olewa zote. Nimemuuliza meneja ziko wapi, ananiambia zilikuwa chakavu, haziendani na mandhari. Matundu ya misumari wameyaziba wakapaka rangi. Badala yake wametundika Wazungu wamejilaza kwenye viti, na picha moja ina mlima wa theluji nyuma. Theluji, Dar es Salaam!

Hivi hawa watu wanaujua huu mji? Hoteli ya New Africa ilianza 1906 kama Kaiserhof, sawa, lakini enzi hizo Mwafrika aliingia hoteli za namna ile kubeba trei, si kukaa mezani. Heshima ya hoteli za Dar ilikuja baadaye. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa hapa hapa 1962, mwaka uliofuata Kamati ya Ukombozi ya OAU, yaani Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ikaweka makao yake hapa, na varanda ya New Africa ikawa kijiwe cha wapigania uhuru, wanahabari na mashushushu. Hoteli ya Kilimanjaro ikafunguliwa 1965. Watu waliokuja kuzika ukoloni kusini mwa Afrika walikula na kulala kwenye hoteli za mji huu. Nani aliwapikia? Nani aliwatandikia vitanda? Ndio hao hao waliong'olewa ukutani.

Kilichonichoma zaidi ni menyu. Samaki wa kupaka wa jiko lile, ambao wapishi wetu walirithishana kwa kuonjeshana kijiko, sasa wanauzwa kama mapishi ya enzi za gavana. Gavana gani alikuna nazi? Bei sitaki hata kuisema.

Wasiniambie kutunza historia ni gharama. Pale Sokoine Drive kuna Boma la Kale, lililojengwa miaka ya 1860 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid wa Zanzibar. Limekarabatiwa, na ndani yake watu wanaoneshwa historia ya majengo ya jiji hili.

Ninachodai: picha zirudishwe ukutani na majina yake. Kama wamezitupa, waseme wamezitupa lini na wapi. Bango liandikwe upya, kwa Kiswahili pia.

Kama mzazi wako alifanya kazi hoteli yoyote ya mjini kati miaka ya sitini mpaka themanini na una picha nyumbani, iweke hapa chini, na jina lake kama familia inaridhia. Nitazichapisha zote nimpelekee meneja mezani kwake.