Printa inakubali chumba cha nyuma, sebuleni inakataa: naomba msaada wa kushea printa na mafaili nyumbani

Mfasiri_Nyumbani

Habari zenu wakuu. Nina wiki mbili nahangaika na jambo hili na sasa nimekwama kabisa, naomba mnishike mkono.

Kazi yangu ni kutafsiri, naifanyia nyumbani. Chumba cha nyuma nina kompyuta ya mezani yenye Windows 11, na printa ya leza imeunganishwa nayo kwa waya wa USB. Printa yenyewe haina Wi-Fi wala tundu la waya wa mtandao. Mume wangu ana laptopu ya Windows 10, binti yetu ana ya Linux. Nataka wote wawili waprinti bila kuniletea flashi kila mara, na tuwe na folda moja ya nyaraka za nyumbani ambayo kila mtu anaifungua akiwa popote ndani ya nyumba.

Printa nimeshaishea. Kinachonichanganya ni hiki: mume wangu akija na laptopu chumba cha nyuma, printa inaonekana na inaprinti vizuri. Akirudi sebuleni, hola. Nikadhani ni umbali, lakini intaneti ya sebuleni ina kasi kuliko hata ya huku kwangu. Juzi alihitaji barua ya asubuhi, ikabidi abebe laptopu usiku wa manane kuja kunigongea. Nilimwahidi kwamba hili litakuwa limekwisha, na linaniuma kwamba bado.

Nimezima na kuwasha kila kitu. Kuna mahali nilisoma nitumie HomeGroup, ile huduma ya Windows ya kushea vitu nyumbani, nimeitafuta sijaiona.

Jongoo

Dada, HomeGroup usiitafute tena. Iliondolewa kwenye Windows 10 toleo la 1803, mwaka 2018. Fanya hivi: washa SMB1 (lugha ya zamani ya Windows ya kushea mafaili na printa), zima faiawoli, yaani ukuta wa kinga, kwenye mashine zote, halafu folda na printa uzipe "Everyone" ruhusa zote. Mimi nilifanya hivyo na kwangu inafanya kazi hadi leo.

Kisima

Jongoo, kwenye HomeGroup umesema kweli. Hayo mengine nakupinga, na nakuomba hata kwako uyarudishe yalivyokuwa.

SMB1 ndiyo njia iliyopitiwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017. Kilikuwa kinaruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza chochote, na hospitali nyingi za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa kwa sababu yake. Mwaka huohuo, kuanzia toleo la 1709, Windows 10 mpya ikaacha kuja na SMB1 ikiwa imewashwa. Mashine zote tatu za dada huyu zinazungumza SMB2 na SMB3, matoleo mapya ya lugha hiyo, kwa hiyo SMB1 haihitaji kwa lolote. Na humo ndani mna nyaraka za wateja wake. Ukizima faiawoli, hata kifaa cha mgeni aliyepewa nenosiri la Wi-Fi kitakuwa kinagonga milango iliyo wazi.

WayaMrefu

Kabla hujagusa chochote kwenye Windows, dada, nijibu mawili. Nyumbani mna ruta ngapi? La pili, kwenye kompyuta ya mezani na kwenye laptopu ya mzee, fungua ile skrini nyeusi ya amri, andika ipconfig, utuletee namba ya IPv4 (anwani ya kompyuta) na ya Default Gateway (anwani ya ruta yake). Laptopu iwe sebuleni wakati huo. Usihofu kuziandika hapa, anwani zinazoanza na 192.168 ni za ndani ya nyumba tu, mtu wa nje hawezi kukufikia kwazo.

Mfasiri_Nyumbani

Asante sana kaka. Ruta ni mbili. Ya kwanza iko sebuleni. Ya pili tuliiongeza kwa sababu Wi-Fi ilikuwa haifiki chumba cha nyuma. Waya mrefu unatoka kwenye ruta ya sebuleni, umeingia kwenye ya pili katika tundu lililoandikwa WAN. Zote nimezipa jina moja la Wi-Fi na nenosiri moja ili tusisumbuke.

Kompyuta ya mezani: 192.168.0.101, gateway 192.168.0.1
Laptopu ikiwa sebuleni: 192.168.1.34, gateway 192.168.1.1

WayaMrefu

Tatizo ndilo hilo. Tazama namba ya tatu: kwako ni 0, sebuleni ni 1. Una mitandao miwili ndani ya nyumba moja, na kwa kuwa umeipa jina moja, hamkuwa na namna ya kujua. Mzee akija chumba cha nyuma, laptopu inahamia kwenye ruta ya pili na kuingia mtandao wako. Akirudi sebuleni anatoka kwenye mtandao wako bila kuhisi. Umbali hauhusiki.

Ule waya ukiingia tundu la WAN, ruta ya pili inaichukulia ruta ya sebuleni kama ndiyo dunia ya nje. Walioko nyuma yake inawaficha. Kutoka chumba cha nyuma mnaweza kupiga hodi sebuleni na mkaitikiwa, lakini wa sebuleni akipiga hodi kwenu, ruta inamrudisha mlangoni. Intaneti inaendelea vizuri pande zote, ndiyo maana watu hukaa miezi wakiilaumu printa.

Dawa ni kuifanya ruta ya pili iache kugawa anwani, ibaki kupitisha tu. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Ukikuta chaguo la "Access Point", lichague, itajipanga yenyewe. Lisipokuwepo, fuata mpangilio huu na usiubadilishe: kwanza ipe ruta ya pili anwani ya 192.168.1.2, uhakikishe ruta ya sebuleni haigawi namba hiyo kwa wengine. Kisha uzime DHCP, yaani ile kazi ya kugawa anwani, kwenye hiyo ya pili. Mwisho kabisa ndipo uchomoe waya kwenye WAN na kuuchomeka kwenye tundu mojawapo la LAN, yaani la mtandao wa ndani. Ukihamisha waya kabla ya kuzima DHCP, utakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani kwenye mtandao mmoja. Kifaa kimoja kitapata huku, kingine kule, na vingine vitakosa intaneti.

Ukimaliza, zima na kuwasha kompyuta zote, uandike ipconfig tena. Zote zianze na 192.168.1, na gateway iwe 192.168.1.1.

Kisima

Naongezea hapo. Ukiwa kwenye ruta ya sebuleni, itengee kompyuta ya mezani anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50. Zipo ruta zinazopaita "Address Reservation". Usipofanya hivyo, siku umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa namba nyingine, na laptopu zitaitafuta printa mahali isipokuwepo.

Mfasiri_Nyumbani

Wakuu, nimerudi. Ruta yangu ilikuwa na hilo chaguo la Access Point. Kompyuta zote sasa zinaanza na 192.168.1, ya mezani nimeitengea 50. Mume wangu akiwa sebuleni ameandika \\192.168.1.50 na kompyuta imeitika! Nilipiga kelele mpaka binti akatoka chumbani.

Ila sasa inadai jina na nenosiri. Naweka PIN ninayoingilia kila siku, inakataa. Nimejaribu zaidi ya mara kumi.

Kisima

PIN haitakubali kamwe, dada. PIN inafungua mashine ileile iliyowekwa tu, haipiti mtandaoni. Kuna watu pia ambao akaunti zao hazina nenosiri kabisa, nao wanakataliwa, kwa sababu Windows hairuhusu akaunti isiyo na nenosiri kuingia kutokea kompyuta nyingine.

Usiwape nenosiri lako mwenyewe. Kwenye kompyuta ya mezani tengeneza akaunti mpya ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi, uiite familia, uipe nenosiri refu. Kwenye laptopu ya mzee andika jina la kompyuta yako, mkwaju wa kurudi nyuma, kisha familia. Yaani kama kompyuta yako inaitwa MEZANI, ni MEZANI\familia. Weka alama kwenye kisanduku cha kukumbuka, haitauliza tena.

Kwa upande wa folda, tengeneza mpya kabisa, iite Pamoja, uishee hiyo peke yake. Usishee diski nzima wala folda yako ya Documents. Ruhusa ziko ngazi mbili: za kushea, na za folda yenyewe kwenye kichupo cha Security. Zikitofautiana, ile inayobana zaidi ndiyo inayofuatwa. Ukiona mtu anafungua faili lakini hawezi kulihifadhi, sababu huwa iko hapo: ngazi moja imeruhusu kuandika, nyingine imeruhusu kusoma tu.

Kipepeo8

Naomba niingie kidogo kwa ajili ya binti wa Linux. Kwenye kidhibiti faili aandike smb://192.168.1.50/Pamoja na atumie akaunti hiyohiyo ya familia. Kwa printa, aongeze kupitia mipangilio ya printa ya Linux, achague printa ya Windows kupitia Samba (programu ya Linux ya kuzungumza na Windows), aandike jina ulilolipa wakati wa kushea. Jina liwe fupi na lisiwe na nafasi, mfano Leza. Draiva, programu ya kuendeshea printa, itatoka kwenye laptopu yake, siyo kwako, kwa hiyo ahakikishe modeli hiyo imo kwenye orodha.

Mfasiri_Nyumbani

Folda imekubali kwa wote wawili. Binti ameprinti! Kwa mume wangu folda inafunguka ila printa inaleta kosa 0x0000011b. Yeye huahirisha masasisho kila yanapokuja, sijui kama yanahusika.

WayaMrefu

Yanahusika. Tangu masasisho ya Septemba 2021, kompyuta yenye printa inataka mazungumzo ya uchapishaji yawe yamelindwa. Laptopu isiyosasishwa haijui kuzungumza hivyo, ndipo inaleta hilo kosa. Utakutana na watu wanaokufundisha kuzima ulinzi huo kwenye rejista, ile hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows. Usifanye. Sasisha mashine zote mbili kwanza, ondoa printa kwenye laptopu, uiongeze upya.

Na mwambie mzee kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Laptopu ikiwa na uwezo wa Windows 11, ahamie.

Jongoo

Nimesoma yote. SMB1 nimeizima kwangu jana na printa bado inachapa, kumbe nilikuwa nimeiacha wazi miaka yote bila sababu. Asante Kisima.

Dada, jambo moja ambalo mimi lilinisumbua: kompyuta ya mezani ikilala, printa nayo imelala. Ipangie isilale ikiwa kwenye umeme, skrini pekee ndiyo izime.

Mfasiri_Nyumbani

Masasisho yamechukua karibu saa mbili, lakini kosa limeondoka. Mume wangu ameprinti kurasa tatu akiwa sebuleni, nami nikazisikia zikitoka huku nyuma. Siwezi kueleza nilivyofarijika. Mungu awabariki wote.

Swali la mwisho: sasa nyaraka zetu muhimu ziko kwenye Pamoja na sote tunazifikia. Je, nihesabu kwamba zimehifadhiwa salama?

Kisima

Hapana, dada yangu. Pamoja ni nakala moja inayofunguliwa na watu watatu. Binti akifuta faili kutoka kwenye laptopu yake, limefutika kwenu wote, na kwa kawaida haliendi kwenye pipa la taka, linapotea moja kwa moja. Laptopu ya mzee ikiingiwa na kirusi kinachofunga mafaili, kitafunga na yale ya Pamoja, kwa sababu ana ruhusa ya kuandika humo.

Tafuta diski ya nje. Nakili Pamoja na kazi zako za wateja kila Ijumaa, kisha uichomoe uiweke kabatini. Ikibaki imechomekwa, kirusi kitaifikia nayo.

Mfasiri_Nyumbani

Diski ipo, ilikuwa na picha za harusi tu. Naanza leo.