Wiki sita kabla ya wodi: wanafunzi wa mwaka wa tatu wafundishwe nini, na kwa lugha gani?

Mkufunzi_Wodi2

Wakuu, heshima kwenu. Nimekabidhiwa kozi ya kuwaandaa wanafunzi 60 wa udaktari kabla hawajaingia wodini mwaka wa tatu. Ni wiki sita, siku mbili kwa wiki, saa nne kila siku, jumla saa 48. Wakufunzi tuko sita. Vifaa: mashine nane za presha za kusikiliza kwa stetoskopu, midoli miwili ya mazoezi ya kushtua moyo, na chumba kimoja kikubwa chenye mapazia.

Rasimu niliyorithi ina mada 41, karibu zote ni mihadhara ya slaidi. Wanafunzi hawa wanaweza kukutajia matawi manane ya ateri ya karotidi ya nje bila kupumua, lakini ukiwapa mgonjwa mwenye kikohozi wanamtazama kama karatasi ya mtihani. Nataka kukata. Kipi kibaki, kipi kiondoke, na kila kinachobaki kifundishwe vipi? Naomba majibu ya kufanyia kazi, siyo falsafa ya mitaala.

Tabibu_wa_Pwani

Mkuu, toa kwanza yote ambayo hawatayagusa mwaka huu: kuchoma uti wa mgongo, kuweka mrija wa kifuani, kusoma picha za CT. Saa zilizopatikana zipeleke kwenye historia ya mgonjwa, na historia hiyo ifundishwe kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Vitabu vyao ni vya Kiingereza na mihadhara ni ya Kiingereza, halafu tunawapeleka mbele ya bibi wa miaka 70 tukitegemea tafsiri ijitengeneze yenyewe. Mwanafunzi anageuza swali la kitabuni neno kwa neno, mgonjwa anajibu swali jingine, na kwenye faili linaandikwa jibu la tatu.

Chukua saa tu. Mgonjwa anasema tumbo lilianza kuuma saa nane usiku. Mwanafunzi anayeandika huku akifikiri kwa Kiingereza anaweka 20:00, kumbe ni 02:00. Saa sita zimeyeyuka, na kwa kiharusi au tumbo linalohitaji upasuaji wa haraka saa sita ndiyo uamuzi wenyewe. Siku nayo ina mtego wake: kwa wazee wengi wa pwani siku huanza jua likizama, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule ambao mwanafunzi anauita Alhamisi usiku. Swali salama ni "usiku wa kuamkia siku gani?"

Wakati wa kutoa maelezo ya dawa kosa linageuka upande wa pili. "Meza kila baada ya saa nane", na mgonjwa anasikia baada ya saa nane mchana. Wanasarufi watanisamehe, hapo "masaa manane" yana faida yake. Ila bora zaidi ni kutaja saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Na ile "kutwa mara tatu" ya kwenye bahasha ya dawa: kutwa ni tangu jua kuchomoza hadi kuzama, kwa hiyo atakayemeza vidonge vitatu kabla ya magharibi amekutii barabara.

Kisha maneno ya mwili. "Nina kifua" mara nyingi ni kikohozi, "kifua kinanibana" inaweza kuwa pumu au moyo. "Mkono" unaanzia begani hadi vidoleni na "mguu" vivyo hivyo, basi aoneshe kwa kidole kimoja. "Nina presha" kwa wengine ni mapigo kwenda mbio. "Vidonda vya tumbo" ni jina la kila maumivu ya chembe ya moyo. Usiliandike kama ugonjwa hadi ujue nani alimwambia na kwa kipimo gani. "Homa" inaweza kuwa joto la mwili, inaweza kuwa kujisikia vibaya tu. Kwa mjamzito, "mara ya mwisho uliona siku zako lini?" huleta mara nyingi tarehe zilipokwisha, nawe unahitaji zilipoanza. Uliza "zilianza tarehe ngapi?", la sivyo umri wa mimba unapungua siku nne au tano hapo hapo.

Kufundisha: wagawe watatu watatu. Mmoja mgonjwa, mmoja daktari, mmoja mtazamaji. Kadi ya mgonjwa isiwe na jina la ugonjwa, iwe na maneno atakayosema tu. Mahojiano dakika 10, maoni dakika 5, kisha wanazunguka. Mtazamaji apewe kazi mbili tu: kuandika kila swali lililobeba maswali mawili ndani yake ("unakohoa na kutoa makohozi yenye damu?"), na kupima muda kabla daktari hajamkatiza mgonjwa. Dakika ya kwanza asikatize kabisa. Na salamu iwe salamu: anayemwambia mzee "mambo" ameshapoteza nusu ya historia.

Nesi_Mkufunzi

Daktari, baada ya historia weka joto, mapigo, upumuaji na presha. Kila mtu anadhani anavijua, ndiyo maana vinafanywa vibaya.

Presha. Mgonjwa awe ameenda haja ndogo, akae dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, nyayo zote sakafuni, miguu isipandane, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkono ukining'inia kipimo kinapanda, akiongea kinapanda. Mkanda: mfuko wa hewa ulio ndani yake uzunguke angalau asilimia 80 ya mkono. Mkanda mdogo kwa mama mwenye mkono mnene unampa presha asiyokuwa nayo, naye anaanzishiwa vidonge vya maisha kwa kosa la kitambaa. Halafu shika mapigo ya kwenye kiwiko au kifundo cha mkono, jaza hewa hadi yapotee, kumbuka namba, shusha. Sasa weka stetoskopu, jaza hadi 30 juu ya namba hiyo, shusha milimita 2 kwa sekunde. Hatua ya kushika mapigo kwanza ndiyo wanayoiruka, na bila hiyo mgonjwa ambaye sauti zake hupotea katikati na kurudi chini atasomwa 150 wakati ana 190. Sauti ya kwanza ndiyo namba ya juu, zinapokwisha kabisa ndiyo ya chini. Rudia baada ya dakika moja au mbili.

Mashine nane zinatosha. Kila mashine wanafunzi wawili wapime mtu yule yule, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake na kuikunja. Mkikunjua na tofauti imezidi 4, rudieni wote. Namba zikiishia na sifuri kila mara mnajua kuna anayekisia. Kipimo cha mshale au zebaki kina mistari ya mbili mbili, kwa hiyo 120/80 kwa watu kumi mfululizo haipo duniani.

Upumuaji uhesabiwe dakika nzima, mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii. Wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne wajaribu hii: mtoto wa miezi minane, pumzi 12 zinatoa 48, pumzi 13 zinatoa 52. Mpaka wa kupumua haraka kwa umri huo ni 50. Pumzi moja imempa au imemnyima matibabu ya nimonia.

Namna ya kuonesha ujuzi wowote wa mikono: mara ya kwanza fanya kimya kwa kasi ya kawaida, mara ya pili fanya ukieleza, mara ya tatu mwanafunzi akuelekeze nawe ufanye anachosema tu, hata kama amekosea, mara ya nne afanye mwenyewe akisema. Tunairuka ya tatu kwa sababu inachosha, na ndiyo inayofichua aliyekariri.

Dkt_wa_Watoto

Nakubaliana na hapo juu ila Tabibu amepitiliza kidogo kwenye Kiswahili. Nenda vijijini Usukumani au Umasaini, utakuta bibi asiyejua Kiswahili vizuri, na mwanafunzi anaona amemaliza kazi kwa sababu yeye anakijua. Tenga saa mbili za kufundisha kutumia mkalimani: sentensi fupi moja moja, macho kwa mgonjwa na si kwa mkalimani, na mtoto wa miaka 12 asitafsiri habari za uzazi za mama yake. Pia faili na mitihani yetu ni Kiingereza, kwa hiyo malalamiko ya mgonjwa yaandikwe kwanza kwa maneno yake mwenyewe ndani ya alama za kunukuu, ndipo tafsiri ifuate.

Ninachoona kimesahaulika ni hesabu za dawa. Kwa karatasi na kalamu, bila simu. Mtoto wa kilo 12, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo: 180. Syrup ya miligramu 120 katika mililita 5: mililita 7.5. Jentamisini, antibiotiki ya sindano, miligramu 7.5 kwa kilo: miligramu 90, ampuli ina 80 katika mililita 2, kwa hiyo mililita 2.25. Sukari ya damu imeshuka: anahitaji glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo, yaani 60. Wodini kuna ya asilimia 50 tu, basi 12 za hiyo na 48 za maji ya sindano. Kosa la kwanza ni kuandika miligramu mahali pa mililita. La pili ni nukta: waandike 0.5, kamwe si .5, na 5 isiandikwe 5.0. Maswali matano kila kipindi kabla ya kuanza, dakika 10, na alama ya kufaulu iwe tano kwa tano. Nne kwa tano maana yake mtoto mmoja kapewa dozi isiyo yake.

Mkufunzi_Wodi2

Asanteni sana, mmenipunguzia mada hadi 14. Sasa mtihani. Wenzangu wanataka maswali ya kuchagua 100. Mimi nataka mtihani wa vituo, yaani mwanafunzi anahama kituo hadi kituo akifanya kazi moja kila mahali, lakini wanasema kwa watu 60 hautawezekana.

Mtahini_Mzee

Unawezekana, piga hesabu. Mtihani wa vituo, kwa kifupi cha Kiingereza OSCE, ulianza Dundee, Scotland, na Ronald Harden aliuchapisha 1975, bila kompyuta. Vituo 12, dakika 6 kila kimoja na dakika 1 ya kuhama, mzunguko mmoja ni dakika 84 kwa wanafunzi 12. Mzunguko mmoja tu unaokwenda mara tano ni saa saba. Weka miwili sambamba, unakwenda mara tatu, ni saa nne na dakika 12. Tatizo lako ni watahini. Fanya vituo vitano vya kila mzunguko viwe vya kuandika bila mtu: hesabu za dawa, kusoma chati, kuandika cheti cha dawa. Vinabaki saba mara mbili, watahini 14. Ninyi ni sita, basi azima wanane kutoka idara nyingine na kila mmoja akae kituo kile kile tangu mwanzo hadi mwisho.

Kundi lililomaliza lisikutane na linalosubiri. Simu zikusanywe, chai itolewe vyumba tofauti.

Karatasi ya alama iwe na mistari isiyozidi 15. Ikiwa na 30, wanafunzi wanajifunza kuimba: "najitambulisha, nanawa mikono, naomba ridhaa", mikono mikavu na mgonjwa hajatazamwa usoni. Chini ya orodha mtahini aweke pia hukumu yake ya jumla: ameshindwa, yuko mpakani, amefaulu, mzuri. Alama ya kufaulu ya kituo isiwe 50 ya mazoea; chukua wastani wa alama za orodha za wale wa mpakani. Kituo kigumu kitajishusha chenyewe, chepesi kitajipandisha. Ukipata watatu tu wa mpakani wastani huo unayumba, hapo chora mstari wa alama dhidi ya hukumu za wote 60 usome mstari unapokatiza mpakani.

Wagonjwa wa kuigiza wafanye mazoezi na kadi zao siku moja kabla, wote wa kituo kimoja pamoja, la sivyo mmoja atatoa siri ya jasho la usiku bila kuulizwa na mwingine ataificha hadi kengele. Na kengele iwe moja kwa vyumba vyote, siyo kila mtahini na simu yake.