Tupeane uzoefu: epoksi yenye unga wa chuma kwa nyufa za pampu na injini za boti

Mleta mada
Wadau, humu kuna mafundi kuanzia Kirumba, Mwanza, hadi Ukerewe. Kila mmoja aweke vipimo vyake vya epoksi na unga wa chuma, hatua anazofuata na kinachofanya kiraka kibanduke. Namba tafadhali, "kidogo kidogo" haitusaidii.

Fundi pampu, Igoma
Unga wa chuma unaodondoka kwenye grainda unafaa ukisafishwa. Funga sumaku kwenye mfuko wa nailoni, ipitishe juu ya unga. Chuma kinapanda, mchanga wa jiwe unabaki chini. Rudia mara tatu. Osha kwa thina mara mbili, anika juu ya bati mpaka harufu iishe, kisha chekecha kwa soksi ya nailoni. Oili ikibaki kwenye chembe, gundi haizishiki.

Koroga resini na hadna (ndizo sehemu mbili za epoksi, hadna ndiyo inayoigandisha) kwanza, dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Ndipo utie unga: gramu 200 hadi 300 kwa kila gramu 100 za gundi iliyochanganywa. Ukipunguza, inachuruzika. Ukizidisha, unga haulowi wote na kiraka kinameguka kama biskuti.

Mdau wa Nyakato
Naongezea kwenye kupima, maana hapo ndipo wengi wanapotupa hela. Kopo likiandika 2 kwa 1, soma vizuri kama ni ujazo au uzito. Hadna kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini, kwa hiyo kipimo cha ujazo ukikipima kwa gramu, hadna inazidi na kiraka kinabaki kama mpira wiki nzima. Hapo hakuna dawa, ni kukwangua chote. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu inatosha kabisa, na huku kwetu haikosekani. Usikoroge gramu 200 kwenye kikombe kirefu, joto linajifungia humo na mchanganyiko unafuka moshi kabla hujapaka. Tandaza juu ya kigae.

Fundi wa mwaloni, Kirumba
Mkuu wa Igoma, kwa kasha la pampu la chuma nakubaliana nawe. Gia boksi ya injini ya boti ni aluminiamu, na inakaa majini: tumia unga wa aluminiamu, uzito sawa na gundi. Chembe za chuma zikifunuliwa na msasa zinashika kutu.

Aluminiamu iliyokaa na oili huinywa kwenye ufa. Toa sili zote, osha kwa thina, acha ikauke kabisa. Pasha polepole mpaka tone la maji lichemke juu yake. Oili inatoka kama jasho. Futa, pasha tena, hadi kitambaa kitoke safi. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa usiendelee kukimbia, chimba mfereji wa V, sugua kwa msasa namba 60. Kisha mwagia maji safi. Yakitandaa kama utando, uso uko tayari. Yakijikunja matone, mafuta bado yapo. Kausha, sugulia gundi tupu nyembamba ndani ya mfereji, ndipo ushindilie ile nzito yenye unga.

Mdau wa Ilemela
Msimu wa mvua kiraka kikiganda kinakuwa na utelezi kama sabuni. Ni hadna iliyokutana na unyevu wa hewa. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni KABLA ya msasa, la sivyo unausugulia ndani na koti la pili linabanduka kama ganda. Injini iliyolala ufukweni usiipake alfajiri, chuma kina umande usiouona. Ngoja kipate jua.

Mleta mada
Na uzi wa tundu la bolti ukilika?

Fundi wa mwaloni, Kirumba
Paka bolti kiwi ya viatu ili gundi isiishike, futa ibaki nyembamba hadi kwenye mizizi ya uzi. Jaza tundu, ingiza bolti, ifungue kesho yake. Ni kwa vifuniko vyepesi tu. Bolti za silinda hedi, tundu la plagi na njia ya moshi msiguse, epoksi ya kawaida hulegea joto likipita nyuzi 60 za Selsiasi hivi. Panga la propela nalo lipelekwe kwa mchomeleaji wa gesi ya argoni. Vingine vipe saa 24 kabla ya kurudisha majini, na siku 7 kabla ya kukaza kwa nguvu.